Babangu hasikii, na anaapa kwamba ni sisi tunaonong'ona

BintiKibokoni (mwenye uzi), Jumapili usiku

Assalaam alaykum, na wengine wote hamjambo. Nimeandika nikafuta mara tatu, leo natuma hivi hivi.

Babangu ana miaka 74. Kazi yake ilikuwa bandarini Kilindini, miaka na miaka juu ya winchi, mpaka akastaafu. Akili ni timamu kuliko yangu: kodi za wapangaji anazipiga kichwani, na majina ya meli za zamani anayo yote. Hasikii tu. Na hilo peke yake lisingenileta hapa. Kilichonileta ni kwamba yeye hajui kuwa hasikii, au hataki kujua. Sijui ni lipi.

Mfano wa juzi. Tulikuwa na nikaha Likoni, saa nane. Nikampigia simu asubuhi: "Baba, gari litakuja saa sita." Akasema, "Haya, inshallah." Saa sita gari liko mlangoni, yeye yuko barazani na kikoi, kifua wazi, anakunywa kahawa. "Si umeniambia saa tisa?" Mpaka akaoga, mpaka akapata kanzu anayoitaka, mpaka foleni ya feri ikatumaliza, tumefika watu washakula halwa wanaaga. Njia nzima ananiambia mimi: "Nyinyi vijana mwazungumza mmefumba midomo. Semeni kama watu."

Nikisema pole pole, hasikii. Nikipaza sauti, "Usinipigie kelele, mimi si kiziwi!" Runinga inasikika mpaka kwa jirani. Na amejitengenezea maelezo ya kila kitu. Simu ni mbovu, mjukuu ana kithembe, feni inavuma. Hata nyenje ana maelezo yao: ati hawapo tena Mombasa, maghorofa yamewamaliza. Mimi nikilala kwake nawasikia usiku kucha.

Mwaka jana tulimpeleka hospitali moja, sitaitaja. Tumekaa kwenye benchi na watu kama ishirini, mtu wa dirishani akaita kwa sauti: "Yule mzee kiziwi ni yupi?" Hilo alilisikia! Akaweka kofia yake kichwani, akatoka, akapanda tuktuk peke yake. Tangu siku hiyo neno "masikio" halitajwi nyumbani.

Nauliza wenye uzoefu. Huu ni ukaidi, ni haya, au mtu anaweza kweli asijue?

---

MahamriMbaazi

Pole dadangu. Sikio la kufa halisikii dawa 😂

Wangu mimi ndiye bingwa. Umwambie "Baba, nataka pesa ya karo," hakusikia. Mnong'one na mama jikoni kwamba kuna pesa zimeingia, sauti inatoka barazani: "Pesa za nani hizo?" Hawa wazee wanasikia wanachotaka.

---

Kunguru_wa_Makupa

Miaka 74 unataka asikie kama popo? Ni uzee, mwachie Mungu. Babu yetu alikuwa hivyo, na babake pia, na hakuna aliyekufa kwa masikio. Nyinyi mkikaa na simu mnaanza kutafuta magonjwa.

Halafu tuseme ukweli. Hata ikithibitishwa hasikii, ndiyo iweje? Mamangu anapata zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee. Hivyo vijimashine vya kusikilizia ni makumi ya maelfu. Ugonjwa ambao dawa yake huiwezi, bora uwe huna.

---

BintiKibokoni

@Kunguru, hakufa kwa masikio, sawa. Lakini babangu ameacha kwenda kwa dadake Mikindani kwa sababu "wanaongea wote pamoja." Ameacha kupiga simu. Mtu aliyekuwa hakosi arusi sasa anatafuta sababu ya kubaki. Hilo nalo tumwachie Mungu?

---

PimaSikio

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye matatu, nimesubiri nifike nyumbani nijibu vizuri. Kazi yangu ni hii ya kupima watu usikivu, mwaka wa 16 sasa, wote hapa Pwani.

BintiKibokoni, umeuliza mtu anaweza asijue? Anaweza, na ndiyo hali ya kawaida zaidi. Mzee anayekuja kwangu kwa miguu yake akasema "sisikii" ni wachache. Wengi wanaletwa, na akikaa kwenye kiti neno la kwanza ni "mimi sina shida, ni hawa."

Anza na ile sita na tisa yako, kwa sababu umenipa mfano ambao ningeutafuta mwaka mzima. Sikio la mtu mzima haliharibiki kwa sauti zote sawasawa. Kinachotangulia kwenda ni sauti nyembamba za juu. Ndani ya sikio kuna sehemu imejikunja kama konokono, ina vinywele vidogo mno vinavyopokea sauti. Vile vya sauti za juu ndivyo vinavyoanza kufa, na vikifa havioti tena. Sasa kwenye maneno, irabu zetu (a, e, i, o, u) ni nzito na ziko chini. Konsonanti kama s, sh, f, t na k ni dhaifu, nyingine ni pumzi tu, na nguvu yake iko juu huko alikopoteza. S peke yake iko juu ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 4000.

Tamka *sita*. Tamka *tisa*. Irabu ni zile zile na zimefuatana vile vile, na konsonanti ni mbili zile zile zimebadilishana kiti. Mtu aliyepoteza sauti za juu anapokea i na a, basi. Ubongo haumwachii pengo, unalijaza kwa neno linalofaa. Kwa hiyo babako hakusikia "saa fulani sijaielewa." Alisikia tisa. Angekuwa amesikia pengo angekuuliza. Wewe unakumbuka ulichosema, yeye anakumbuka alichosikia, na nyote wawili mnasema kweli.

Kiswahili chetu kinazidi kumdanganya mtu hapo, kwa maoni yangu, kwa kuwa karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Wimbo wa sentensi unamfikia mzima mzima. Anajua umeuliza, anajua umekasirika, anajua umemaliza. Ndiyo maana wote wanasema maneno yale yale: "Sauti naisikia, ila hamtamki vizuri."

La pili, kelele. Mzee akisema usinipigie kelele, wala hajipingi. Sakafu yake imepanda lakini dari liko pale pale. Sauti ndogo haimfikii, na ukiongeza kidogo tu inakuwa kubwa mno, inauma. Nafasi iliyobaki katikati ni nyembamba. Humaanisha hasa: nisogelee, nitazame, sema taratibu.

@MahamriMbaazi, na babako wa pesa nina la kumtetea. Jikoni kulikuwa kimya, sauti ni ya mkewe aliyekaa naye miaka arobaini, na pesa ni neno analolitarajia. Vitu hivyo vitatu vikikutana, hata sikio bovu linafaulu. Kesho kwenye harusi, watu wazungumza wote, spika inalia, anashindwa. Nyinyi mnaona anachagua. Yeye mwenyewe anachukua ile siku ya pesa kuwa ushahidi kwamba masikio ni mazima.

---

MahamriMbaazi

Sasa umeniharibia kichekesho changu cha miaka kumi.

---

Nahodha_Mstaafu

Nina miaka 71 na ninavaa vifaa masikio yote mawili, mwaka wa tatu huu. Kwa hiyo mwanangu BintiKibokoni, mimi ndiye huyo babako. Niulize.

---

BintiKibokoni

Shikamoo Nahodha! Kabla hujavaa ulikuwa unajua?

---

Nahodha_Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Nilikuwa sijui. Nilikuwa najua mengine yote. Nilijua watu wamekuwa na adabu mbaya, wanaongea wakikupa mgongo. Nilijua redio za siku hizi hazina sauti kama zile za zamani. Na nilijua imamu mpya wa msikiti wetu anameza maneno. Wallahi nilihama msikiti! Yule wa kwanza, mzee mwenzangu, tulikuwa naye miaka mingi na hotuba zake nilikuwa nazifuata bila taabu. Akaja kijana, hotuba ikawa mvumo tu. Nikasema hajui Kiswahili. Nikawa naenda mbali kidogo, msikiti mwingine, ambako kumbe nilikuwa nakaa safu ya mbele karibu na spika. Nikamsifu yule imamu kwa kila mtu.

Ukiniuliza wakati ule ningekuapia kwamba nasikia, na ningekupa hoja. Adhana ya alfajiri inaniamsha, uziwi uko wapi? Quran ikisomwa nasikia kila herufi. Taraabu naisikia. Baada ya kupimwa ndipo nilipofahamu: hivyo vyote navijua kwa moyo. Sikuwa nasikia, nilikuwa nakumbuka. Kitu kipya ndicho kilikuwa kinanishinda, na kitu kipya mtu wa umri wangu hakipati kila siku.

Halafu kuna baraza. Tulikuwa watano pale kwenye kahawa. Mmoja ukimwambia "bei ya samaki imepanda" anakujibu "alhamdulillah, wanaendelea vizuri." Nikijilinganisha na yeye mimi nilikuwa kijana. Mtu hujipima kwa wenziwe, mwanangu, hajipimi kwa wewe wa miaka thelathini. Wote watano tulikuwa tunapiga kelele na wote tuliona ni mazungumzo.

Na la mwisho nalisema kwa kuwa hapa hakuna anayenijua. Nilipoanza kushuku, nilificha. Si kwa ajili ya uzuri, nani ananitazama mimi? Tulikuwa na kikao cha familia juu ya shamba. Nikakosa sentensi moja, nikauliza, "Umesemaje?" Mpwa wangu akamwambia mwenzake, "Tutamweleza baadaye." Pale pale kikao kikaendelea bila mimi, na mimi ndiye mkubwa wa ukoo. Tangu hapo sikuuliza tena. Ikawa ni kutikisa kichwa na "enhe, enhe." Nimekubali mambo mengi kwa enhe ambayo mpaka leo siyajui.

Mzee anayetembea na mkongojo anapewa kiti. Huyu asiyesikia watu wanamwona amepungukiwa akili, na hapo ndipo babako anapigania.

---

MkeWaFundi

Nahodha umeniliza.

Nami niongeze la upande wetu sisi wake za watu. Mume wangu ni fundi wa bati, Mwembe Tayari, nyundo juu ya bodi za magari tangu ana miaka kumi na saba. Miaka yote nikidhani anasikia sawa. Kumbe mimi ndiye nilikuwa sikio lake. Mgeni akiuliza, najibu mimi. Simu ikiita, naipokea mimi, namrudishia maneno huku ananitazama usoni. Daktari akisema, mimi natafsiri. Wala sikuona kama ni kazi, ni ndoa tu.

Mwaka juzi nikaenda Lamu kuuguza, wiki tatu. Nilivyorudi nimemkuta mwembamba na mkali. Kagombana na mwenye duka, kagombana na mteja, karudishiwa chenji pungufu mara mbili. Akaniambia, "Watu wa mtaa huu wamebadilika ulivyoondoka." Nikakaa chini nikacheka, halafu nikalia.

Kwa hiyo dada, angalia pia nani nyumbani anamzibia babako mapengo. Mama yuko?

---

BintiKibokoni

Mama amefariki, miaka minne sasa. Na hivi umeuliza... sote tumekuwa tukisema "Baba masikio yameharibika tangu mama aondoke." Tulidhani ni huzuni.

---

MkeWaFundi

Allah amrehemu. Basi huenda yalikuwa yameharibika zamani.

---

PimaSikio

MkeWaFundi amegusa jambo ambalo mashine yangu haipimi. Na hapa nieleze kitu ambacho wenzangu wa kazi pia huwa wanakisahau.

Chati ninayochora, toka hezi 250 mpaka 8000, inaniambia sikio linapokea nini. Hainiambii mtu anaishije. Mwaka 1982 wataalamu wawili wa Marekani, Ventry na Weinstein, walitunga maswali 25 ya kumuuliza mtu mzima mwenyewe, kando ya mashine. Baadaye yakafupishwa yakawa 10. Unajibu ndiyo, mara nyingine, au hapana, kwa alama 4, 2 na 0, na ukizidi 8 unashauriwa uchunguzi zaidi. Nusu yanahusu hisia, nusu yanahusu shughuli: unaona haya ukikutana na watu wapya? Unagombana na watu wa nyumbani kwa sababu ya kusikia? Umepunguza kwenda ibadani? (Nahodha, hilo la ibada liko kwenye orodha, wewe lilikuhamisha msikiti.)

Sasa linganisha alama hizo na chati. Vinaendana, lakini si sana. Nimewahi kupima wawili siku moja, chati zao ukizipandisha moja juu ya nyingine zinafanana. Mmoja ni mwalimu mstaafu, bado anasomesha watoto jioni, ana alama juu ya 30 na machozi karibu. Mwingine ni mvuvi, bahari nzima peke yake, usiku analala mapema. Alama 4. Na hizo nne ni za mkewe kunong'ona.

Na hili huwashangaza wengi: watu wenye upungufu sawa, yule mwenye umri mkubwa zaidi kwa kawaida ndiye analalamika kidogo. Tafiti zimelikuta hilo zaidi ya mara moja. Ukiwa na miaka 50 ukakosa maneno unashtuka. Ukiwa na 80 unasema ni zamu yangu. Kunguru ametupa sababu mbili kwenye ujumbe mmoja, ile ya "ni uzee" na ile ya gharama, na zote mbili nazisikia kila wiki. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2021 linasema zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kiwango cha kuwasumbua. Kwa hiyo ndiyo, ni jambo la kawaida. Presha pia ni ya kawaida na hatuiachi.

Bandari nayo isisahaulike. Sheria za kelele kazini Kenya, za mwaka 2005, zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Mzee wa miaka 74 ujana wake wote ulipita kabla ya hapo. Ukifanya kazi mahali ambapo kila mtu anapiga kelele na kila mtu anasoma midomo, utajuaje siku ulipoanza?

---

KijanaWaDubai

Naona mtandaoni kuna vya bei rahisi, dola ishirini na kitu. Nimtumie mzee wangu kimoja Majengo? Na nimesikia vinazuia ugonjwa wa kusahau.

---

PimaSikio

Hivyo vingi hukuza kila kitu pamoja, sauti ya mtu na ya matatu. Anavaa siku mbili, kinamuumiza, anatupa droo, na sasa amepata hoja mpya: "Nilijaribu, havifai." Mpime kwanza.

La kusahau, usimwahidi hivyo. Kuna jaribio kubwa la Marekani lililotoka 2023, watu 977 wa miaka 70 hadi 84, wakafuatiliwa miaka mitatu. Ukiwatazama wote kwa jumla hakukuwa na tofauti kati ya waliopewa vifaa na wasiopewa. Kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya akili kuzorota, vifaa vilisaidia kweli. Hapo ndipo tulipo.

---

Kunguru_wa_Makupa

Mimi bado nasema gharama. Lakini nimesoma ya Nahodha nikamkumbuka babu. Tulikuwa tunamcheka anavyojibu vitu vingine.

---

BintiKibokoni

Sasa nifanyeje? Nikisema tu "hospitali" anachukua kofia.

---

Nahodha_Mstaafu

Usimwambie hasikii. Mimi nilinaswa kwa nta. Mwanangu aliniambia, "Baba nakwenda kutoa uchafu wa masikio, twende wote." Nta si aibu, hata mtoto anayo. Nikaenda.

---

PimaSikio

Na si hila, maana nta ikijaa huziba kweli na ndiyo kitu cha kwanza tunachotazama. Ila mwambie wa hospitali mapema kwamba hutaki neno kiziwi. Na usimuulize "unasikia?" kwa kuwa atajibu ndiyo, na kwake ni ndiyo. Muulize ni wapi anachoka. Nani ni mgumu kumwelewa. Ni sehemu gani ameacha kwenda. Hayo atayajibu saa nzima, kwa sababu hapo anawashitaki wengine.

Kwa sasa: mwite jina kwanza, subiri akutazame, ndipo useme. Mwanga uwe usoni kwako, si mgongoni. Zima feni ukiweza. Na saa usimtajie sita wala tisa. Sema "adhuhuri" au "kabla ya alasiri."

---

MahamriMbaazi

Hiyo ya adhuhuri naichukua.

---

BintiKibokoni, wiki saba baadaye

Wale mliokuwa mkiniuliza kwenye ujumbe wa faragha, haya habari.

Tulikwenda "kutoa nta," mimi na yeye, kwenye kliniki ndogo, si kule kwa mwanzo. Nta ilikuwepo, sikio la kushoto, kipande kama punje ya kunde. Alifurahi mno! "Niliwaambia ni uchafu!" Nikaona mambo yameharibika. Lakini mpimaji, dada mmoja mtulivu, akamwambia, "Mzee, sasa yako safi, hebu tuone yanavyofanya kazi." Akaingia mwenyewe kwenye kile chumba.

Alitoka akatazama chati ikishuka upande wa kulia kama ngazi. Mpimaji hakumwambia una tatizo. Alimuuliza alifanya kazi wapi. Baba akaanza na winchi, na meli, na jinsi walivyokuwa wanaongea kwa mikono kwa sababu ya kelele. Dakika kumi. Kisha yeye mwenyewe akaweka kidole kwenye ile sehemu iliyoshuka akasema, "Hii ni bandari." Si uzee, si uziwi. Bandari. Ni kama mtu anaonyesha kovu la kazini. Nadhani ndiyo maana alikubali.

Ameazimwa vifaa wiki mbili za majaribio, halafu tukachangishana ndugu wanne tukavinunua. Siku ya kwanza alivitoa mara nne. Feni ni dhoruba, karatasi ni moto wa nyasi, na champali za mjukuu zilimfanya apige kelele. Mpimaji alisema ubongo unahitaji majuma kuzoea. Udhu alikuwa na wasiwasi nao, sasa anavivua, anaviweka ndani ya kofia, anatawadha, anapangusa masikio mpaka yakauke, anavirudisha. Usiku vinalala kwenye kijikopo chenye ile chembechembe ya kukausha, maana joto na chumvi yetu hii haviachi kitu.

Nisiwadanganye, barazani anaenda navyo mfukoni. Kwangu anavaa, kwa shangazi Mikindani amevaa mara moja. Mbele ya wale wa kahawa, hapana. Nimeacha kumwambia.

Ijumaa tulikuwa nje baada ya isha, umeme umepotea, mtaa wote kimya. Akageuza kichwa kama anatafuta kitu ukutani. "Nini hiyo inalia?" Nikasikiliza, nikamwambia, "Ni nyenje, Baba."

Akakaa. Akasema, "Ala! Wamerudi?"

Nikamwambia ndiyo.

---

Nahodha_Mstaafu

Umefanya vizuri kumwambia ndiyo.

---

BintiKibokoni

@PimaSikio swali dogo. Zile betri za 312, pakiti ya sita, kila moja ina kibandiko cha kahawia. Jana amezibandua zote sita "kuzikagua." Naweza kurudishia vibandiko?

---

PimaSikio

Zishaanza kazi zote, hewa ikiingia ndiyo basi. Kurudishia hakusaidii. Zitumie moja baada ya nyingine, ukijua hazitafika wiki kila moja kama kawaida. Pakiti ijayo ikae kwako.